Kwa Dereva wa Nyuma Yangu

Usinipigie honi. Nimekusikia
tangu tuta la kwanza, pale Chang'ombe kwa fundi cherehani,
gari lako likikohoa gia ya kwanza
na kokoto zikilalama chini ya matairi.
Najua ulipo kama mama ajuavyo
mtoto yuko chumba gani, kwa mlio wa kijiko tu.

Nimebeba trei sita.
Mayai mia na themanini, zidisha mwenyewe,
yamefungwa kwa mpira wa tyubu juu ya karia,
yametoka Nkuhungu, yanakwenda Majengo
kwa muuza chipsi asiyepokea yai lenye ufa.

Unaniona nimekaa katikati ya njia
na moyoni unasema: huyu mama ana kiburi.
Tazama kushoto kwangu.
Noah imeegeshwa, na ndani yake kuna kichwa.
Kichwa kikiwa ndani, mlango una nia.
Mbele ya Noah, mtaro usio na kifuniko
umejaa mchanga wa Julai na chupa za maji.
Na tuta lenyewe, wajenzi walilikomesha
hatua moja kabla ya mtaro,
wakaacha upenyo mwembamba kama mstari wa daftari
ambao bodaboda wote wa mji huu wameuhifadhi kwa moyo.
Nami zamani niliupenda upenyo ule.

Ndahani, mdogo wangu, aliupenda zaidi.
Alikuwa mtu wa pembeni. Pembeni kwenye benchi,
pembeni kwenye picha ya harusi yake mwenyewe,
pembeni barabarani, asije akamsumbua mtu.
Mwenye gari akaona nafasi imebaki,
nafasi ya kuku, si ya gari,
akajipenyeza.

Hakufa, Ndahani. Usiogope.
Ila bega lake la kulia sasa linatabiri mvua
katika mji usio na mvua ya kutabiri.

Ndiye aliyenifundisha, mkono ungali
umening'inizwa shingoni kwa kanga ya mkewe:
"Dada, ukikaribia pembamba, jaza njia.
Geuka, mtazame machoni,
nyoosha mkono kama unayedai chenji,
kisha ingia katikati mapema,
si pale ambapo yeye amekwisha kukata shauri.
Mpe nafasi ya kupita, au usimpe kabisa.
Nusu nafasi ndiyo inayovunja watu."

Wanasema mwenda pole hajikwai.
Waliosema walikuwa wakienda kwa miguu.
Baiskeli ikienda pole mno
huyumba kama shahidi wa kulipwa.
Kwa hiyo nakanyaga pedeli, wala sijidekezi,
nanyanyuka kidogo kwenye kiti juu ya tuta,
magoti yamelegea, mayai yamenyamaza,
na upepo wa Dodoma, usio na leseni,
unanisukuma kutoka upande wa uwanja wa shule.

Yamebaki matuta mawili.
Sekunde ishirini za maisha yako,
ishirini na tano kama kuna mbuzi.

Kuna mbuzi.

Haya, njia imepanuka, mbele ya kinu cha alizeti.
Nageuka. Naonyesha mkono. Nasogea.
Chukua, pita,
barabara si ya baba yangu wala ya mama yako.
Nimeona vidole viwili vikiinuka juu ya usukani,
salamu au unafukuza nzi, sijui. Nimeipokea.

Na tazama, tumekutana tena tuta la mwisho:
wewe nyuma ya bajaji, bajaji nyuma ya lori la maji,
mimi nyuma yako, mguu mmoja chini,
nakagua mzigo kwa ncha za vidole.

Limepasuka moja.
La tuta hilo, si lako.